Utupa Mtoni Mkwaja

Mama, shikamoo. Nimechoka hata kalamu naiona nzito. Mpunga tumemaliza kuvuna jana, na leo shangazi ametuamsha tena tukatwange majani ya utupa, tukayamwage mtoni. Perege walilewa, wakaelea matumbo juu, nasi tukawazoa.

Mke mwenza wa shangazi, Bi Hadiya, alikuwa hasemi naye tangu kupanda. Leo mle mtoni Bi Hadiya akateleza, akazama. Shangazi aliachia pakacha lake, samaki wote wakachukuliwa na maji, akamvuta kwa mikono miwili.

“Samaki wako!” Bi Hadiya akalia.

“Samaki wapo. Wewe ningekupata wapi?”

Wamekula wali mpya sinia moja.

Nakubusu mikono, Mama. Mungu akuweke, nije nilale kwako nisiamshwe.

Mwanao, Mwanaisha