Wali wa Arobaini ya Kaka Faraji

Ngorongo, Rufiji
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Hashimu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na binti yako Yasmin, na kwamba kile kikohozi chake kimepungua. Kondo aliniambia alimsikia akikohoa mwezi wa Desemba. Mpe tangawizi na asali kidogo kila jioni, na asinywe maji ya barafu hata akililia.

Mimi sijambo, ila goti la kushoto halitaki tena ngazi. Mvua za vuli zilitukimbia, mahindi yamedumaa, mihogo ndiyo imekubali. Kuku wako mwekundu uliyeniachia bado yupo. Ameacha kutaga zamani, nami sina moyo wa kumchinja.

Naandika kwa sababu namba yako ya zamani haipatikani, na mpya sina. Kondo, mume wa mwanangu Zuhra, anakwenda Nyamisati kwenye biashara yake ya nguzo za mikoko, na ameniahidi kwamba atavuka na barua hii mwenyewe mpaka Mafia. Nimemwomba asikae kukutazama unaposoma.

Habari ya kaka Faraji unayo. Kondo alinieleza kwamba alikukuta gengeni kwako Kilindoni unakata pweza, akakupa habari ya msiba, nawe ukasema, "Nimesikia," ukaendelea kukata. Sikulaumu. Nataka tu nikueleze alivyokwenda, maana ni kaka yako na hakuna mwingine wa kukueleza.

Aliangukia shambani, Jumamosi asubuhi, jembe mkononi. Tulimpeleka Kibiti. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi haukufanya kazi tena. Siku zote tatu mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa kifuani, pale mfuko wa shati unapokuwa, na shati nilikuwa nimemvua. Nesi alidhani anawashwa. Mimi nilijua anatafuta nini, na mbele nitakwambia. Alikufa Jumanne, tarehe ishirini Januari, kabla ya adhuhuri. Akazikwa alasiri ile ile, kando ya baba.

Kuna jambo la makaburini ambalo nililisikia baadaye, kwa kuwa sisi wanawake tulibaki nyumbani. Kondo alinificha siku mbili. Baada ya sala ya jeneza Ustadhi Ridhiwani aliwageukia watu, akawauliza kama ada ilivyo, "Mnamshuhudiaje ndugu yenu huyu?" Unajua jibu linavyokuja siku zote, hata kwa mtu ambaye watu walikuwa wanampisha njia: ni mtu mwema, ni mtu mwema. Siku ile hakuna aliyejibu. Ustadhi akauliza tena. Kondo anasema yeye mwenyewe alifungua mdomo, akawaona wenzake wanatazama chini, akaufunga. Analia mpaka leo akilisema hilo. Ustadhi akasema, "Mola wake ndiye amjuaye," wakambeba.

Na kabla ya hapo, huku uani, tukiwa tunapepeta mchele wa msiba, jirani yetu Bi Zabibu akasema kwa sauti ya kutaka nisikie, "Jamani, tumpikie wali huyu? Basi angefurahi sana." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, Zabibu, maiti hajatoka ndani." Yeye akajibu, "Kwani nimesema uongo? Mtu aliyemwacha mwenzake majini akaokoa mpunga, moto hauna haja ya kumuuliza jina."

Niliendelea kupepeta. Lakini neno lile liliniingia, na halijatoka.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwenye darsa la wanawake. Wenzangu walipoondoka nikabaki, nikamuuliza Ustadhi Ridhiwani, "Mtu akishaingia motoni, rehema ya Mwenyezi Mungu inamfuata humo ndani, au inaishia mlangoni?" Yule kijana hakunicheka. Aliniambia kwamba Mtume wetu alieleza habari ya watu watakaotolewa motoni baada ya kuingia, kwa sababu mioyoni mwao mna imani uzito wa punje ndogo kabisa. Watatolewa wakiwa weusi kama mkaa. Watatiwa katika mto wa uhai, nao wataota upya, kama mbegu inavyoota kwenye tope lililoletwa na mafuriko.

Nikamwomba arudie. Akarudia: kama mbegu kwenye tope la mafuriko.

Nikamuuliza, na wale watakaobaki humo? Akasema, "Hapo, mama, elimu yangu inakoma. Ninachojua ni kwamba rehema yake imeitangulia ghadhabu yake. Sijui imeitangulia kwa hatua ngapi."

Nilikaa pale mkekani nikakumbuka jambo ambalo wewe hukuliona, kwa sababu ulikuwa umeshahama. Vile viroba vitatu vya mpunga, ambavyo watu wanasema kaka aliviokoa, havikuliwa na mtu. Vilikuwa vimelowa, mbegu zikaanza kuota humo humo ndani. Kaka alivipasua kwa kisu, akavimwaga kando ya mto, pale mtumbwi ulipotia nanga siku ile. Maji yaliposhuka yakaacha tope jeusi, na mpunga ukaota wenyewe bila kupandwa wala kupaliliwa. Sijapata kuona mpunga wa kijani kama ule. Haukuvunwa. Ndege waliula wote, naye kaka hakuwafukuza.

Kwa hiyo Ustadhi aliposema vile, sikuhitaji kuelezwa. Sisi watu wa Rufiji tope hilo tunalijua kwa mikono.

Lakini nilipoinuka akaniambia neno la pili. Akasema Mungu husamehe yaliyo baina yake na mja, ila haki ya mtu iko mikononi mwa mtu mwenyewe. Anayemdai marehemu kwa machungu aliyomtia, ni yeye wa kumwachia. Akasema, "Mama Mwajabu, huyo mtu kama yu hai, mtafuteni."

Huyo mtu ni wewe, Hashimu. Nimekuwa nikiizunguka barua hii siku tisa. Sasa naandika lile lililonifanya niizunguke.

Siku ile ya mafuriko unaijua kama wanavyoijua watu wote. Wewe ulikuwa Mafia kwenye kazi ya msimu. Sisi tulikuwa shambani bondeni, juu ya dungu la kulindia mpunga: mimi, mkeo Salima na Yasmin. Kaka alikuja na mtumbwi kutuchukua. Akarudi kijijini na mimi, na Yasmin nimempakata, na viroba vitatu vya mbegu. Salima akabaki kungoja safari ya pili. Kaka aliporudi, dungu halikuwapo. Salima alipatikana siku ya tatu. Watu wakasema, viroba vitatu ni uzito wa mtu. Wewe ulipokuja ukasema hivyo hivyo.

Sasa lisikie lisilojulikana. Kaka hakutaka kupakia viroba. Viwili vilikuwa vimeshatiwa, akaanza kuvitoa, akisema, "Wifi yako apande, mpunga ubaki." Mimi ndiye niliyekishika kiroba. Nilikishika kwa mikono miwili nikamwambia, "Usitoe, kaka, hii ndiyo mbegu ya mwaka mzima. Maji hayajafika hata alama ya pili. Nenda ukarudi." Alikuwa amechomeka kigingi chini ya ngazi, kama baba alivyotufundisha, na amekikata alama. Tangu tuzaliwe maji yalikuwa yakipanda alama moja kwa siku nzima. Kaka akakitazama kigingi, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Hatukujua kwamba safari hii maji hayangekuja kwa mbele. Yalipitia nyuma, kwenye ule mkondo wa zamani uliokauka tangu tukiwa wadogo, yakaja yote kwa mara moja.

Na mkeo Salima hakuwa na hofu. Alikuwa na sufuria ya mihogo jikoni. Alinipa Yasmin, akatuambia, "Nendeni, nami niivishe mihogo yangu. Mkirudi msisahau chumvi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nimeyaweka miaka miwili. Nakupa, ni yako.

Kaka alipotushusha alikwenda dukani mbio, akanunua pakiti ya chumvi, akaitia kwenye mfuko wa shati. Alizunguka majini mpaka kesho yake akimwita. Alipotoka, pakiti ilikuwa tupu, chumvi yote imeyeyukia kifuani. Ndicho alichokuwa akikitafuta pale hospitalini.

Utauliza mbona hakusema. Siku uliyofika nilitaka kusema. Alinivuta nyuma ya choo, akanishika mkono mpaka ukaniuma, akasema, "Wewe nyamaza. Akinichukia mimi, bado atakuwa na dada. Akituchukia wote wawili, ataenda kula kwa nani?" Nami nikanyamaza. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilimtii mkubwa wangu. Ukweli ni kwamba niliona afadhali.

Kwenye arobaini ya Salima ulimwambia mbele ya watu, "Mpunga umeuokoa, kaule." Tangu siku ile kaka hakuutia wali kinywani. Idi nne zimepita. Nilikuwa nikimpelekea sahani ya pilau, anasema tumbo halimruhusu, anakula muhogo mkavu na chai. Watoto wakimuuliza, anawatania, anawaambia wali unamfanya arefuke na milango ya nyumba yake ni mifupi.

Nakumbuka wewe ukiwa darasa la kwanza, bonde likiwa limejaa, alikuwa anakubeba mabegani kukuvusha shuleni. Ulikuwa unamshika masikio ukiyazungusha kama usukani, naye anaunguruma kama lori. Siku moja uliyavuta mpaka moja likatoka damu. Mama akamuuliza ni nini, akasema amejikuna na mwiba. Kumbe ni tabia yake ya tangu zamani, kubeba na kusingizia miba.

Sijui kaka yuko wapi sasa. Bi Zabibu hajui, wala Ustadhi hajui. Labda hakuna moto wowote uliomgusa, na hofu yangu ni ya bure. Lakini kama upo, sitaki awemo hata kitambo kidogo kwa ajili ya kiroba nilichokishika mimi. Mungu anayeweza kuingiza mkono wake ndani ya moto akatafuta punje, siwezi kuamini kwamba atapita karibu na kaka asimwone. Kilichobaki ni cha kwako na sina njia ya kukilipa. Ninaweza kukuomba tu. Mwachie. Machungu uliyomwekea, yahamishie kwangu, ndiko yalikotakiwa kuja tangu mwanzo. Mimi bado ni mzima, ninaweza kuyabeba.

Najua ninachokiweka rehani kwa kukuandikia hivi. Wazazi hawapo, kaka hayupo, nimebaki na wewe. Ukiamua kwamba huna tena dada, nitaelewa. Ila Yasmin mruhusu, akikua, aje aone kaburi la mama yake. Nalipalilia kila mwezi. Maua ya mwangaza aliyoyapenda yamekubali upande wa kichwani.

Watu wa huku nitawaeleza mwenyewe. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Arobaini ya kaka itaangukia tarehe ishirini na nane ya mwezi huu, tutakuwa ndani ya Ramadhani, kwa hiyo tutafuturisha. Zuhra ananiuliza kila siku tutapika nini, nami nashindwa kumjibu. Si lazima uje. Mpe Kondo neno moja tu. Ukisema umemwachia, nitapika wali, nitapakua sahani ya kwanza kwa jina lake, na watu wote watakula. Usiposema, nitapika mihogo, na sitakulaumu.

Nisalimie Yasmin, mwambie shangazi anamwekea shanga za bibi yake. Zuhra anakusalimu, na wanawe, na Mzee Tamimu wa msikitini, ambaye kila Ijumaa ananiuliza yule mtoto wa lori anaendeleaje. Huku nyumbani hakuna aliyeacha kukutaja.

Mwenyezi Mungu akulaze salama na akuamshe salama, akufungulie riziki usipotazamia, na atukutanishe tena hapa duniani kabla hajatukutanisha kwake.

Wako akupendaye, hata usiponijibu,

Dada yako,
Mwajabu