Lile Jiwe la Bustani Yangu

Jumatano, saa tisa alasiri, Februari inayochoma. Upepo wa Voi leo umeingiza vumbi hata ndani ya kopo la sukari. Nimekaa jikoni na mlango uko wazi, kwa sababu sasa naweza kuuacha wazi.

Wiki mbili na zaidi sijaandika hapa. Wale mlionitumia ujumbe kuuliza kama bustani imekufa, bustani iko. Ni mimi niliyekuwa sipo sawa, na leo nitasema kwa nini. Lakini lazima nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye hii blogu.

Nimewaambia mara nyingi nina mtoto mmoja, Neema, wa gredi ya kwanza. Nimewadanganya. Nina wawili. Wa pili anaitwa Jeremia. Alikufa miaka miwili iliyopita akiwa na miezi saba, na amezikwa Vihiga nyumbani kwa mume wangu, uani, kati ya jikoni na mti wa avokado.

Kwetu kaburi haliendi mbali. Unapita hapo ukienda kuchota maji, unapita ukienda kukamua. Nikianika shuka, kivuli cha shuka kinaanguka juu yake. Kwa hivyo Baba Neema alipopata kazi ya ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge huku, watu walinionea huruma: jua, ndovu, maji ya chumvi. Mimi nilifunga mizigo kwa siku mbili. Hapa nikawaandikia kwamba napenda kusafiri, kwamba nchi hii ni kubwa na mtu asikae pahali pamoja. Maneno matamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa natoroka kaburi la mwanangu.

Tangu Krismasi mama mkwe alikuwa ananipigia. Udongo wa kaburi umezama, anasema. Wanataka kulijengea kwa saruji kabla mvua ya masika haijaanza, na yeye hataki fundi aliguse mama wa mtoto akiwa hayupo. "Mvua ikipiga tena hatutajua lilipokuwa," aliniambia. Nilisema mtandao ni mbaya, nikakata. Baadaye nikaacha kushika simu yake kabisa.

Sasa nirudi kwa bustani.

Tumepanga nyumba nje ya mji, upande wa Sagalla, yenye shamba dogo na ua wa seng'enge. Mwezi jana nilikuwa nachimba shimo la mpapai, jembe likagonga kitu. Nilihangaika nacho asubuhi nzima. Nikatoa jiwe la ajabu, jeupe kidogo, limepinda kama mkono uliokunjwa, na juu yake mistari mistari kama soli ya gambuti. Baba Neema akasema labda ni mfupa wa ng'ombe wa zamani. Nikamwambia ng'ombe wa ukubwa huo angekunywa mto Voi akaumaliza. Tukacheka, tukakubaliana ni mawe ya huku, maana huku kila kitu ni kigeni kwetu. Tukalibeba wawili tukihema hadi karibu na mlango wa jikoni, nikajaza udongo kwenye uwazi wake wa katikati, nikapanda mshubiri. Nikapiga picha. Wengi wenu mliipenda.

Siku tatu baadaye ndovu akaja.

Mtu wa Voi hashangai ndovu. Wanakula mahindi, wanavunja tangi wanywe maji, watu wanapiga madebe wanaondoka. Huyu hakuja hivyo. Alikuja peke yake saa kumi na moja jioni, jua bado liko, akasimama nje ya seng'enge akitazama mlango wa jikoni. Sikumsikia akifika. Niliinua macho kutoka kwa sufuria na alikuwa pale, mkubwa kiasi kwamba sikuona mlima wa Sagalla nyuma yake. Kuku walinyamaza. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata vipepeo, aliingia chini ya toroli akatulia. Nikafunga mlango polepole, nikakaa chini sakafuni na Neema. Giza lilipoanza kuingia nikachungulia, hayuko.

Kesho yake alirudi saa ile ile. Na kesho yake.

Hakula kitu. Shamba la Mama Mghoi, jirani yangu anayeuza mitumba sokoni, lilifyekwa lote na kundi la ndovu wiki hiyo hiyo. Letu, hatua ishirini kutoka kwake, halikuguswa hata jani. Mama Mghoi ndiye rafiki yangu wa kwanza huku, ndiye aliyenionyesha pa kuchota maji yasiyo na chumvi. Alikuja akasimama katikati ya mahindi yangu, mkono kiunoni.

"Mama Neema, kwako hawali. Kwa nini kwako hawali?"

Aliuliza kama mzaha lakini hakucheka. Nilimkaribisha chai, akasema amechelewa. Najua watu wa mbali tunavyosemwa, na najua alichokuwa anafikiria, maana hata mimi ningekifikiria.

Jumapili nilimwomba Baba Neema atutoe kwenye hiyo nyumba angalau kwa siku moja. Kazini walimwazima pikapu, tukapanda hadi Mwanda, kule juu milimani. Baridi, ukungu, migomba imeteremka hadi bondeni. Nilihisi nimefika kwetu na sikupenda. Neema alikuwa amekimbia mbele. Akarudi akaniuliza, "Mama, ni hapa Jeremia yuko?"

Hakuwa amelitaja jina hilo tangu tuhame. Nilimwambia hapana, anyamaze, kwa sauti ambayo hakuistahili. Aliposhuka kwenye gari jioni bado alikuwa hanitazami.

Na ndovu alikuwa amesimama tayari.

Neema alimpungia mkono. "Anatungoja," akasema.

"Sio sisi anaangalia," Baba Neema akasema. Nilifuata macho ya yule mnyama. Ni kweli, ndovu hakuwa akitutazama sisi wala mlango. Alikuwa akitazama chini, kwenye maua.

Siku ya tisa aliingia ndani. Tulikuwa tumelala na hatukusikia chochote. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta lango limesukumwa, na nyayo kubwa kama sinia zimepita katikati ya mikebe yangu ya maua. Hakuna mkebe hata mmoja ulioanguka. Lakini lile jiwe lilikuwa limegeuka. Nililiweka ncha ikielekea nyumba, na sasa ilielekea lango. Mshubiri ulikuwa umeng'olewa ukalazwa kando na mizizi yake yote, na udongo umetolewa, jiwe limebaki safi kama bakuli lililooshwa.

Nilimwuliza Baba Neema kama ni yeye. Akaninyooshea kidole kwenye nyayo.

Nilienda kumwita Mama Mghoi, na niseme ukweli, ni woga ulionipeleka. Alikuja na leso yake begani, akafika hatua tano hivi kutoka kwa lile jiwe, akasimama.

"Hilo si jiwe," akasema. "Hilo ni taya la ndovu. Mama Neema, umepanda maua ndani ya mdomo wa maiti."

Ile mistari kama soli ya gambuti ni meno. Nilikuwa nimeyapiga picha, nimeyapangusa kwa kitambaa yang'ae. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mama Mghoi alituambia tuwapigie watu wa wanyamapori, kwa sababu mfupa wa ndovu hauwekwi nyumbani, ni kesi. Wakasema watakuja Jumatatu. Lakini hiyo ilikuwa Jumamosi, na hakuna kati yetu aliyetaka kulala nalo mlangoni usiku mwingine. Tulilifunga kamba tukaliburuta nje ya lango, hadi penye kichaka cha miiba. Mama Mghoi alivuta pamoja nasi bila kuombwa.

Jioni alikuja. Tulikuwa wanne dirishani. Hakuitazama nyumba hata kidogo. Alienda moja kwa moja kwenye taya, akaweka ncha ya mkonga juu ya meno, akaipitisha pole pole, jino moja, la pili. Kisha akageuka akaligusa kwa mguu wa nyuma. Hakukanyaga. Aligusa tu na kuinua, akagusa tena, kama unavyojaribu maji kabla ya kumwogesha mtoto. Alifanya hivyo hadi miguu yangu ikafa ganzi. Hakutoa sauti ambayo sikio linaweza kuisikia, lakini kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka chini ya vidole vyangu, na kifuani mwangu kulikuwa na kitu kinanguruma ambacho hakikuwa changu.

"Analia," Neema akasema.

Akalizungushia mkonga, akalinyanyua, akaenda nalo. Kitu tulichokiburuta kwa shida watu wazima watatu na kamba.

Maafisa walipokuja Jumatatu walizunguka kwa saa mbili. Walipata alama za kuburuta hadi penye kichaka, basi. Baada ya hapo hakuna unyayo, hakuna majani yaliyovunjika, ardhi imelala kama hajapita mtu. Mmoja alituuliza kwa upole kama tuna hakika ya tulichoona. Nikafungua simu nikamwonyesha picha hapa kwenye blogu, taya na mshubiri wake. Aliitazama muda mrefu, akanirudishia simu, akamwambia mwenzake waende.

Usiku huo kundi liliingia shambani kwetu likala mahindi yote na mpapai likaung'oa. Asubuhi Mama Mghoi alikuja kutupa pole huku anacheka waziwazi, akanywa chai vikombe viwili. Sijawahi kufurahia hasara kiasi hicho.

Sijui yule ndovu na mwenye lile taya walikuwa nani kwa nani. Sitawatungia hadithi kwamba ni mama na mwana. Taya lilikuwa la ndovu aliyekomaa, na mimi natoka Vihiga, najua nini kuhusu ndovu. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mtu wake ardhini, na alikuja kila siku. Seng'enge haikumzuia, sisi hatukumzuia. Mimi pia nina mtu wangu ardhini, na nilikuwa naiacha simu ilie hadi inyamaze yenyewe. Naona aibu. Nimetafuta neno jingine tangu Jumamosi na sijalipata.

Leo asubuhi nimempigia mama mkwe. Alishika mara moja, nadhani alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, "Mama, mwambie fundi anisubiri. Nakuja mwisho wa wiki." Hakunilaumu. Nikasikia kuku wa kule, kisha akasema mvua imewahi mwaka huu, imenyesha siku mbili mfululizo, kubwa. Nikamwuliza kama kaburi bado linaonekana.

"Njoo," akasema. "Njoo tulitafute."

Niliweka simu chini nikalia, mlango wazi, sikujali nani ananiona. Neema alikuwa kwenye kizingiti anavaa viatu vya shule, na alikuwa amesikia yote. Nikamwita, nikamweleza tunakoenda, kwamba ndugu yake yuko nyumbani kwa nyanya, na kwamba pahali pake labda pamepotea. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akarudi kwa kamba za viatu vyake.

"Hapajapotea," akasema. "Mimi najua ni wapi."

Nimekata tiketi mbili.