Baba, Usitie Sahihi Chama cha Désiré

Lubumbashi, Kampemba, Jumanne tarehe 16 Juni. Asubuhi ya baridi kali, upepo wenye vumbi, jua limechelewa.

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri na kwamba goti limekubali dawa ya Mama. Huku tu wazima. Watoto wanakohoa kwa ajili ya vumbi, lakini wanakula.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningepaza sauti, na wewe hupendi. Barua anakuletea sista wa parokia yetu, anayepanda ndege kesho uwanja wa Luano kuja huko kwenu Kongolo. Mdogo wangu Désiré alipanda treni juzi kuja kwako. Wewe uliyefanya kazi ya reli maisha yako yote unajua nani atatangulia kufika.

Mwanao anakuletea karatasi uzitie sahihi. Ameanzisha chama cha siasa.

Wakati wa uchaguzi alizunguka Kampemba nzima kwa ajili ya chama chake cha zamani, akiwaita watu wa chama kingine wezi na wauza nchi. Kura zikahesabiwa, hakuna aliyeweza kutawala peke yake, na wale wezi wakawa ndugu. Wakafanya muungano, wakagawana vyeo, Désiré akabaki mlangoni. Mimi dada yake mkubwa nikamwuliza amejifunza nini.

"Yaya, mu muungano banaita ba président ba ma parti tu. Mwenye parti anaikala ku meza, sisi bengine tunapiga makofi. Basi na mi niko na yangu."

Jumamosi akatukusanya sebuleni kwangu, atusomee kamati. Mwenyekiti ni yeye. Mweka hazina ni mke wake. Makamu ni mimi, kwa sababu "bantu banapenda kuona bamama". Wengine ni binamu zetu. Jirani yangu Mama Cécile, aliyekuja kuomba makaa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Désiré, hii iko parti ao iko kilio? Niko naona bandugu tu."

Hata mke wake alicheka.

"Mama, ma parti yote inaanzaka vile."

"Ndiyo maana yote inaishaka vile."

Baba, mimi sikatai muungano. Hata arusi huunganisha koo mbili. Lakini wakwe tunawajua kabla ya arusi, hawaletwi baada ya mahari kuliwa. Vyama vinavyotaka kuungana vituambie kabla hatujapiga kura. Mbunge anayehamia upande mwingine arudishe kiti kwa waliompa. Na chama ambacho kamati yake ni nyumba moja kisiandikishwe. Nilimwambia hivyo.

"Yaya, na sheria ile hakuna parti itabakia."

"Itabakia mbili, tatu. Inatosha."

Akaniambia siasa siijui.

Wewe amekuandika rais wa heshima. Atakuambia ni formalité tu, jina la kujaza karatasi. Si kweli. Jumapili padri alikumbusha kwamba kiongozi wa shirika la Kanisa mtaani, kama wewe, ambaye jina lake limo katika kamati ya chama anaweka chini utumishi wake. Désiré alikuwa benchi moja nami, hakugeuza hata shingo. Jioni akapanda treni.

Watu wa mtaa wanakuletea magomvi yao, ya mipaka na ya urithi, kwa sababu hakuna anayejua unampigia nani kura, hata Mama. Ukitia sahihi, si tu kwamba utaacha shirika. Nusu ya mtaa haitakaa tena mbele yako. Na siku Désiré akiingia muungano mwingine, jina lako litaingia naye bila kuulizwa.

Najua ni mwanao wa kiume wa pekee na hujawahi kumkatalia. Basi usimkatalie. Mwulize akutajie mwanachama mmoja ambaye hajala katika chungu chetu. Akimtaja, nimeshindwa. Akinyamaza, mpe bukari na samaki ale ashibe, mtandikie kitanda chake, na kalamu ibaki mfukoni.

Atanikasirikia, na anikasirikie. Jina langu nilikwisha kulifuta mbele yake, naye akaliandika tena. Ukiliona, lifute.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza samaki, na katekista anayekusaidia kusoma siku macho yakichoka. Mkwe wenu anawasalimu.

Binti yako,
Béatrice

Jumatano asubuhi, kabla sista hajapita: usiku nililala saa saba. Nilikuwa bado ninabishana na Désiré kichwani.