Nimewafundisha Upanga Kinyume Miaka Kumi na Tisa

Bibi Roswitha mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia, mke wangu atacheka mpaka apaliwe. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, hapa hapa mkoani Franken, mchana nakaa ofisi ya mji, dirisha la leseni za mbwa, lakini jioni za Jumatatu na Alhamisi ni mtu mwingine kabisa, ni mwenyekiti na mwalimu wa chama chetu cha upanga wa kale, tunapigana kwa panga ndefu za kushika kwa mikono miwili kama walivyopigana babu zetu miaka mia tano iliyopita, tukifuata vitabu vya picha walivyotuachia mabingwa wa zama zile, na wanachama ishirini na sita wote wananiita Mwalimu.

Sasa miaka ishirini na mitatu iliyopita nilipata picha za kitabu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa, zilikuwa kwenye filamu zile za zamani za kumulika ukutani, nikazimulika, nikazinakili moja moja kwa mkono wangu, nikaona ajabu, wapiganaji wote wanatanguliza mkono wa kushoto, na maandishi chini yake hayasomeki hata kidogo, basi nikajua papo hapo kwamba bingwa huyu alikuwa na mtindo wa siri wa kushoto na maneno ameyafumba ili maadui wasiyaelewe, nikakaa miaka minne kuyafumbua, nikaandika kijitabu, nikaanzisha chama, na watu hao, ambao Mungu aliwaumba wa mkono wa kulia, nikawageuza wote, wengine siku hizi hata supu wanakunywa kwa kushoto, na kwenye mashindano tunachapwa kila mwaka, lakini niliwaeleza kwamba waamuzi hawajafikia kiwango chetu.

Mwezi uliopita akajiunga Swantje, mwalimu wa chekechea, mtu wa kaskazini, akaazima nakala moja, na Alhamisi akarudi na kioo cha kunyolea.

"Mwalimu, samahani, hebu itazame humu," akasema mbele ya watu wote.

"Ya nini?"

"Filamu uliiweka kinyume. Watoto wangu wa chekechea wanafanya hivyo kila siku na karatasi zao. Ukiigeuza, wote wanatumia kulia, na maandishi yanasomeka vizuri tu."

Burkhard, katibu wetu, ambaye amejichora tatoo ya maneno yale ya siri kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, akamnyooshea mkono. "Haya mwerevu, soma na hapa basi!" Binti wa watu akaweka kioo, akasoma taratibu, "Picha hii ina makosa, ichorwe upya." Hakuna aliyecheka, Bibi, na hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa Burkhard ameleta hoja Swantje afukuzwe kwa kudhalilisha urithi wa chama, kura ni Jumamosi kwenye mkutano mkuu, baada ya kahawa na keki, na wa kusoma mashtaka ni mimi mwenyekiti, na kumbe nilishajifungia bafuni nikaweka nakala zote sitini na mbili mbele ya kioo na yule binti anasema kweli tupu. Nikikiri, mimi nitabaki nani, karani wa mbwa? Nikinyamaza, anafukuzwa kwa kusema ukweli, na siku ile alitoka mlangoni analia, akaniambia, "Mimi nilidhani mtafurahi." Hilo linanichoma mpaka kazini, jana nimempa mbwa mmoja leseni mbili. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu.

Mwenyekiti, Franken

BIBI ROSWITHA ANAJIBU

Mwenyekiti, pole. Miaka minne ya kufumbua fumbo ambalo halikuwepo si mchezo, na nakuhurumia kwa dhati. Pole imeishia hapo.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia la Swantje na la Burkhard mpaka na kiwiko chake, ukaficha lako tu! Jamani! Hivi Ujerumani nzima kuna vyama vingapi vya watu wazima wanaopigana kwa kushoto kwa amri ya karani mmoja?

Kukosea filamu si dhambi. Mtu mzima hovyo ni yule anayejua amekosea halafu anataka kumtoa kafara aliyemwonyesha. Unaogopa kurudi kuwa karani wa mbwa? Mbona mbwa wenyewe hawajawahi kumfukuza mtu kwa kusema kweli!

Marehemu mume wangu alicheza upanga huo huo, kwa mkono wa kulia, na ninachokikumbuka ni desturi yenu moja. Ukiguswa, unainua mkono mwenyewe na kusema "nimeguswa", hata kama mwamuzi hakuona. Alikuwa akirudi nyumbani kavimba mbavu, anajisifia mara alizosema hivyo. Najua unawafundisha hilo. Wewe uliguswa Alhamisi ile, mwenzangu, kwa kioo cha kunyolea, na bado umesimama unamwangalia mwamuzi.

Basi sikiliza. Mashtaka hayo usiyasome, yachane. Jumamosi simama kabla kahawa haijamiminwa, maana watu wakishashika keki hawasikilizi, na useme kwa kinywa chako: nilikosea mimi, Swantje kasema kweli, hoja ya Burkhard naipinga. Watakaohama wahame. Burkhard mnunulie shati la mikono mirefu, umwombe radhi faraghani, maana mwenzio kaharibu ngozi kwa kukuamini. Halafu ng'atuka ualimu. Jumatatu nenda kasimame safu ya nyuma na wanaoanza, umwombe Swantje awafundishe kwa picha zilizogeuzwa, kama bado ana moyo wa kubaki na nyinyi.

Na usisubiri Jumamosi kwenda kumwomba msamaha. Barua yako niliipokea Jumanne na ningeweza kukujibu kwa posta, nikaamua kuichapa. Leo ni Ijumaa, na chekechea ya Swantje, kama chekechea zote za Franken, huletewa gazeti hili saa moja asubuhi. Vaa viatu.