Kizuizi cha Njia ya Hospitali

Kismayo, Jumatano, baada ya Isha

Hasira imepoa, hofu bado. Macho yangu huona mbele tu, ubavuni hayaoni kitu, na leo askari wa kizuizi alikuwa amesimama ubavuni. Aliinua mkono tusimame. Mimi nikaendelea kutembea.

Nikasikia "Joogso!", yaani simama kwa Kisomali, na bunduki ikikokiwa. Sikujua nigeukie wapi.

Mwanaesha, mke wa ndugu yangu, niliyekuja naye kutoka kisiwa cha Chula, akapiga kelele kwa lahaja yetu: "Shemeji, simama! Mchu huyu haoni! Haoni!" Soko zima la kando ya njia likasikia.

"Haoni, na anatembea kama jemadari?" askari akauliza, akicheka.

"Ndivyo alivyo, hata nyumbani."

Nilimkemea njia nzima kwa kunitangaza. Sasa nakiri kwamba kelele zake ndizo zilizoniokoa.

Kesho asubuhi anarudi kisiwani, na daktari wa hospitali ananitaka tena. Nitapita pale kizuizini peke yangu. Nimeazimia kusema mwenyewe, "Sioni," kabla sijaamriwa kusimama. Neno hilo sijapata kulitamka mbele ya watu.

Lakini nilitamke nikiwa umbali gani, na nielekee upande upi, ikiwa askari mwenyewe simwoni?