Upande wa Giza wa Picha ya Mama

Gunsan

Dada yangu mpenzi Ok-ran,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi hatujambo, ukiacha magoti yake na kikohozi changu, ambavyo tumeshavizoea. Wewe u hali gani huko kisiwani Ulleung? Tangu dhoruba ianze simu yako haipatikani, na Mama ananiulizia habari zako mpaka ananichosha. Namwambia umezidiwa na kazi ya kuanika ngisi, atulie. Barua hii itapanda meli ya kwanza itakayoruhusiwa kuondoka.

Kazi yangu studio ni ileile. Wazee wanakuja kupigwa picha za msiba wao wangali wazima, eti kufanya hivyo kunawaongezea umri, nami kwenye kompyuta nawang'arisha uso, nawapunguzia walevi wekundu wa pua, nafuta vivuli vya kidevu. Mwezi uliopita alikuja Bibi Bun-nam, yule muuza kabichi ya kimchi mwenye mdomo. Picha yake ilikuwa na giza nyuma ya bega. Nilipoongeza mwanga pale, lahaula, akatokea mwanamume wa shati jeupe, kamwekea mkono begani! Na chumbani tulikuwa mimi na yeye tu. Nikalirudisha giza upesi. Alipokuja kuichukua alinisuta mbele za watu, akauliza mumewe nimempeleka wapi, kwani si walisimama wote? Mume mwenyewe alizikwa zamani.

Tangu hapo kila picha naichokonoa. Si zote zina mtu, lakini aliyemo huwa ni marehemu wa mwenye picha. Nikiwauliza wazee kwa ujanja, wananitajia mtu yuleyule. Mwanzoni nilikuwa nafanya kazi mlango ukiwa wazi. Baadaye nikazoea.

Wiki iliyopita Mama naye akajileta, kavaa hanbok yake ya waridi, ile ya sherehe. Alinitania nimpunguzie mikunjo lakini nisimfanye bibi harusi, Baba asije akamkataa mlangoni huko ahera. Tulicheka sana. Alipoondoka nikakaa na picha yake, na nakuambia kweli, nilikuwa na hamu. Nilitaka kumwona Baba. Nikaongeza mwanga kidogo kidogo kwenye kile kivuli cha kushoto.

Dada, hakuwa Baba. Ni wewe. Nywele zimelowa, umevaa koti la kijani ambalo sijawahi kukuona nalo, kifungo cha juu hakipo. Nimezima kompyuta, nimewasha tena, umesimama palepale. Mama sijamwonyesha. Anaidai picha yake kila asubuhi, nami namdanganya kwamba mashine imeharibika.

Naogopa, Dada. Nisalimie majirani zako wote. Mama anasema usisahau kula vizuri. Ukiipata barua hii usihangaike kuniandikia mengi. Niambie tu kwamba huna koti la kijani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Yeon-sil