Viazi vya Bibi wa Pwani ya Denmark

Mama, shikamoo. Dada ameniandikia kwamba unasukuma sahani ukiniwaza, nami sijapenda.

Leo ni siku ya nne tunatembea kwa miguu kando ya bahari, mimi na wanafunzi wenzangu. Upepo unakata masikio kuliko wa kwetu Uyole mwezi wa Juni. Njiani tulimkuta bibi akichimba viazi peke yake. Wenzangu walipita, ila mimi ningempitaje mtu mzima shambani bila kumpokea jembe? Ungenisema. Nikamaliza tuta zima, wenzangu wakiningoja mbele. Alinitazama sana, kisha akatuita wote, akatuchemshia viazi, akatupatia na siagi. Nilipomaliza akanijazia tena bila kuniuliza, kama wewe.

Kwa hiyo kula, Mama. Nikirudi nikukute umenenepa.

Mwanao, Ambakisye